Mtihani wa Uhasibu: Jawabu kwa Dada Yetu wa Kitengela

 

Wiki hii safu yetu imepokea barua kutoka bara. Mwandishi wake ni dada aliyezaliwa na kulelewa Mombasa, akaolewa, kisha akamfuata mumewe Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado. Jina lake tunalihifadhi. Ana watoto watatu, na kitinda mimba wake hajatimiza miaka miwili. Siku za kazi hutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, akapanda matatu kupitia Athi River na Mlolongo hadi eneo la viwanda la Nairobi, ambako ni karani wa bohari. Hurejea baada ya magharibi. Juu ya hayo yote anasomea uhasibu, yaani CPA, yumo katika daraja ya kati, na karatasi ya Usimamizi wa Fedha imemwangusha mara mbili.

Anaandika: “Kitabu nimekisoma chote mara tatu. Nimekipigia mistari kwa kalamu ya manjano hata kurasa zimegeuka rangi. Nikiwa nyumbani naona nimeelewa. Nikiketi katika chumba cha mtihani, akili yaondoka. Mara zote mbili sikuyafikia maswali mawili ya mwisho. Mavyaa wangu asema fedha hizi za ada zingewafaa watoto. Mume wangu hasemi kitu, na kimya chake chaniuma zaidi. Je, niache?”

Dada yetu, barua yako tumeisoma zaidi ya mara moja. Tunajua kwamba wako wengi walio katika hali yako, pwani na bara, ambao hawajapata ujasiri wa kuandika. Basi jawabu hili ni lako na ni lao.

Jambo la kwanza tunalotaka ulijue ni kwamba barua yako haionyeshi upungufu wa akili. Mtu aliyevuka daraja ya kwanza yenye karatasi sita, akajifunza uhasibu wa fedha, sheria, uchumi na hesabu za takwimu huku akilea, hakosi akili. Lililokosekana ni namna ya kudurusu. Na namna hiyo, kwa rehema za Allah, si ngeni kwetu. Tulifundishwa tukiwa watoto wadogo, tukaisahau tulipotoka chuoni.

Kumbuka chuo ulichosomea Qur’ani. Je, mwalimu alimpitisha mtoto kwa sababu alikuwa ameitazama sura mara nyingi? La. Alimwambia afunge msahafu asome kwa moyo. Alipokwama, mwalimu alimsahihisha pale pale, akamrudisha mwanzo wa aya. Na kesho yake hakuanza somo jipya kabla ya kusikilizwa la jana, na la juma lililopita. Walimu wa hifdhi wanajua kwamba lililohifadhiwa bila muraja’a hutoroka. Mtume (s.a.w.) alimfananisha mwenye Qur’ani na mwenye ngamia aliyefungwa kamba: akimwangalia hubaki naye, akimwacha huenda zake. Ikiwa hali ni hiyo kwa maneno matukufu yanayosomwa katika kila swala, itakuwaje kwa kanuni za gharama ya mtaji?

Wataalamu wa elimu ya nafsi waliyathibitisha hayo kwa njia yao. Mwaka 1885 mwanazuoni wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alihifadhi orodha za silabi zisizo na maana, kisha akajipima baada ya muda mfupi, baada ya siku moja, na baada ya siku nyingi. Aliona kwamba sehemu kubwa ya tuliyojifunza hupotea mapema, katika saa na siku za mwanzo, na kwamba marudio yaliyogawanywa siku mbalimbali hushika kuliko yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi wazisome. Baadhi walizisoma tena na tena, na wengine waliambiwa waziweke kando waandike wanayoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojipima wakawa mbele.

Hapa ndipo ilipo siri ya barua yako. Unaposoma ukurasa kwa mara ya tatu, macho yanautambua, na moyo unadhani kutambua ni kujua. Mwenye kuitambua sura ya jirani sokoni si lazima alijue jina lake. Mtihani haukuulizi kama umewahi kuliona jambo. Wakutaka ulitoe mwenyewe, katika karatasi tupu, na saa inakwenda.

Basi kalamu ya manjano iweke. Chukua daftari mbili za kawaida. Ya kwanza iwe ya kujipima. Soma sehemu fupi, kurasa nne au tano, kisha funga kitabu uandike yote unayoyakumbuka kwa maneno yako: kanuni, hatua, na mfano mmoja. Ndipo ufungue ulinganishe. Utakapoona mapengo usihuzunike, kwa maana pengo uliloliona leo nyumbani ni pengo ambalo halitakushtua Desemba. Tena jieleze kwa Kiswahili kwanza. Mtihani ni wa Kiingereza, ni kweli, lakini ukiweza kumfahamisha mtoto wako mkubwa kwa nini shilingi elfu moja za leo si sawa na elfu moja za mwaka ujao, umeifahamu thamani ya pesa kwa wakati. Maneno ya Kiingereza yatafuata.

Daftari la pili liwe la makosa. Kila swali ulilokosea, liandike na sababu yake: hukuielewa kanuni, au uliielewa ukakosea hesabu, au hukuisoma amri ya swali. Hizo ni maradhi matatu, na kila moja lina dawa yake. Anayekosea kanuni arudi kitabuni. Anayekosea hesabu apunguze haraka, aonyeshe kila hatua, kwani hatua sahihi huweza kumpatia alama hata kama jawabu la mwisho limepinda. Na asiyesoma amri ya swali ajizoeze kupigia mstari kitenzi: kueleza si kutofautisha, na kukokotoa si kutoa ushauri. Daftari hili ndilo utakalolisoma wiki ya mwisho, kwa kuwa kitabu kizima ni cha watu wote, na makosa haya ni yako peke yako.

Sasa tuyatazame maswali mawili ya mwisho ambayo hukuyafikia. Karatasi ina alama 100 na muda wa saa tatu, yaani dakika 180. Kila alama moja ina dakika moja na sehemu nane za kumi, na swali la alama 20 lina dakika 36. Anayejibu maswali matatu kwa uzuri, akapata 13 katika kila moja, ana alama 39. Ameanguka, ingawa alijibu kwa ufundi. Anayejibu yote matano kwa kiasi, akapata 11 katika kila moja, ana 55. Amepita, kwa kuwa kiwango cha kupita ni 50. Alama za mwanzo za kila swali ndizo nyepesi kupatikana, na za mwisho ndizo nzito. Dada yetu, yawezekana kabisa kwamba hukuangushwa na Usimamizi wa Fedha. Umeangushwa na saa. Dakika 36 zikitimia, acha nafasi, nenda swali linalofuata. Ukibakiwa na muda utarudi.

Lakini mkono hauzoei jambo hili siku ya mtihani. Huzoezwa nyumbani. Chukua karatasi za mitihani iliyopita, jifungie, weka simu mbali isipokuwa saa yake, ujibu kwa kalamu. Wengi hutazama swali, wakasema moyoni “hili nalijua”, kisha wakafungua majibu. Huko ni kumtazama mwenzio akiogelea Shelly Beach ukadhani nawe utavuka Likoni.

Utauliza: muda huo utoke wapi? Tuuhesabu, maana wewe ni mhasibu. Kutoka sasa hadi duru ya Desemba zipo kama wiki 16. Tenga dakika 45 kila siku kwa siku sita, ama kabla ya adhana ya alfajiri ama mara tu baada ya swala. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta wakati huo hauhami sana mwaka mzima, nyumba imetulia, na Mtume (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zao za mapema. Hizo ni saa nne na nusu kwa wiki. Jumamosi, baada ya adhuhuri, pata saa tatu za karatasi moja kamili. Jumla ni saa saba na nusu kwa wiki, nazo kwa wiki 16 ni saa 120. Haba na haba hujaza kibaba.

Saa hizo 120 hazitoshi karatasi sita, na hapa wengi hujidhulumu. KASNEB huwa na duru tatu kwa mwaka, Aprili, Agosti na Desemba. Hukimbizwi na mtu. Jiandikishe kwa karatasi mbili unazoweza kuzipa haki yake, saa 60 kila moja, kuliko nne utakazozigusa kwa ncha ya kidole na kuzilipia ada zote. Na kwa wanaopanga duru ya Aprili, wakumbuke kwamba Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua, na miaka hii imekuwa ikitangulia mtihani huo kwa muda mfupi. Kazi nzito ya kusoma sura mpya iishe kabla ya mwandamo, ili mwezi wenyewe ubaki wa ibada na marudio mepesi.

Safari ya matatu usiihesabu katika saa hizo, lakini usiipoteze. Palipo na msongamano Mlolongo, kadi ndogo kumi zenye swali upande mmoja na jawabu upande wa pili zinatosha. Zilizokushinda ziweke juu uzione tena kesho. Zilizokutii zirudi baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Ukichoka, soma dhikri ufumbe macho, maana usingizi nao ni sehemu ya kusoma. Yaliyosomwa mchana hutulia katika akili tunapolala, na anayekesha usiku wa kuamkia mtihani huingia chumbani na kitabu kipya na akili iliyochoka.

Wako pia watakaokuletea ujumbe kwa simu kwamba wana karatasi iliyovuja, kwa bei kadha. Wengi wao ni matapeli. Na hata angekuwa msema kweli, cheti cha uhasibu ni ushahidi mbele ya watu kwamba wewe ni mwaminifu. Vipi ukipate kwa khiyana?

Turudi kwa mavyaa na kwa mume. Mavyaa wako hakukosea kuuliza juu ya fedha. Anawaonea uchungu wajukuu zake, na hiyo ni haki yake. Lakini ameona ada zikitoka na hajaona mpango. Mwonyeshe. Kaa naye kitako, kwa adabu, umwambie: “Mama, ni karatasi mbili tu, ni alfajiri na Jumamosi, na baada ya Desemba nitakuletea matokeo mimi mwenyewe. Naomba dua yako, na unishikie mtoto saa hizo tatu.” Mzee akipewa sehemu katika jambo, mara nyingi huwa mlinzi wake.

Na wewe, ndugu yetu mume, tunajua gazeti hili hukufikia japo baada ya wenye nyumba kulisoma. Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na swala ilipofika alitoka kwenda kuswali. Kuosha vyombo siku ya Jumamosi hakupunguzi uanaume. Ukiwa na wasiwasi wa fedha, useme. Kimya ndani ya nyumba kila mtu hukitafsiri kwa hofu yake.

Tafuta pia mwenzi wa kudurusu. Kitengela imejaa watu waliotoka kila pembe ya nchi, na miongoni mwao wako kina dada wanaosomea karatasi hizo hizo. Kama mwenzio yuko Isinya au Kajiado mjini, simu moja ya nusu saa kila Jumatano yatosha: mmoja auliza, mwingine ajibu kitabu kikiwa kimefungwa, kisha mnabadilishana. Wawili wawe na sharti moja, kwamba dakika za mazungumzo mengine zianze baada ya swali la mwisho.

Huenda ukaulizwa, au ukajiuliza, kama elimu hii ina faida kwa Mwislamu, hasa karatasi iliyojaa hesabu za riba. Kuijua riba inavyokokotolewa si kuila, na asiyeijua hawezi kuiepuka anapotiliwa mkataba mbele yake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni, mwandishi mwadilifu na mashahidi. Zaka haitoki bila hesabu: robo ya kumi ya mali iliyofikia nisabu na kupitiwa na mwaka. Na hapo Kajiado, nchi ya mifugo, sharia yetu inaingia hadi ndani ya boma, kwa kuwa mwenye mbuzi 40 wa kuchunga hutoa mmoja, na mwenye ng’ombe 30 hutoa ndama wa mwaka. Mirathi nayo ni hesabu tangu mwanzo hadi mwisho. Al-Khwarizmi, aliyeandika juu ya aljebra mjini Baghdad katika karne ya 9, aliweka sehemu kubwa ya kitabu chake kwa ajili ya kugawa urithi na wasia.

Benki zinazofuata sharia zimefunguliwa nchini mwetu tangu mwaka 2008, na viwango vya uhasibu vya taasisi za namna hiyo vinatungwa na AAOIFI, yenye makao yake Bahrain, tangu mwaka 1991. Lakini hata tusipofika huko, tazama karibu. Ni vyama vingapi vya kina mama vimevunjika si kwa wizi, bali kwa sababu hakuna aliyejua kufunga daftari? Ni wajane wangapi wamepoteza kiwanja kwa kuwa malipo hayakuandikwa? Ni misikiti mingapi ina wakfu na haina mizania? Jamii yetu ina uhaba wa watu wanaoweza kuketi na vitabu vya hesabu na kusema kweli iliyomo. Mwanamke anayeamka alfajiri kuitafuta elimu hiyo anatafuta jambo ambalo litatufaa sote.

Basi, je, uache? Jawabu letu ni hili. Kuacha sasa ni kuhukumu bila ushahidi, kwa maana bado hujaujaribu mtihani huu kwa njia iliyo sawa. Kabla ya muda wa kujiandikisha kwisha, chukua karatasi moja iliyopita, ijibu kwa saa tatu bila kitabu, isahihishwe na mwalimu au mwenzio asiyekuonea haya. Ukipata 30, umejua pa kuanzia. Jipime tena wiki ya 8, na wiki ya 14. Ikiwa alama zinapanda, endelea na usitazame nyuma. Ikiwa baada ya wiki nane za juhudi ya kweli hazikusogea hata kidogo, tafuta mwalimu wa somo hilo kabla ya kulaumu bahati. Na ukishafanya yote, ukaingia chumbani ukiwa umeswali na umelala, ukajibu maswali yote matano, basi umefunga kamba ya ngamia wako. Tawakali ndipo inapoanza.

Tunakuomba utuandikie matokeo yatakapotoka, yawe yoyote. Wasomaji wetu watayangoja pamoja nawe. Allah (s.w.t.) akufungulie kifua, aulainishe ulimi wako, akubariki katika wakati wako, awahifadhi watoto wako, na aijaalie elimu yako iwe hoja ya kukutetea. Amin.

Wabillahi tawfiq.